Tela Letu Chini ya Paa la Mkwe

Wenzangu wa kwaya, na hasa wewe Mama Grasi uliyeniuliza kuliko wote: nimechoka kusimulia vipandevipande. Huyu nimempa habari ya samaki, yule nimempa habari ya godoro, na sasa nasikia inasemwa hapa Biharamulo kwamba mimi na Baba Jovita tulifungua zahanati Nyakahura. Hatukufungua zahanati. Naandika safari nzima mara moja, mkimaliza mpeane, maana mdomo wangu umefunga duka.

Kabla ya kutoka

Mnajua Jovita wangu ameolewa Murusagamba, kwa Wahangaza, kule karibu na mpaka wa Burundi. Mnajua pia alivyokaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, na tulivyosali naye. Mwaka huu Mungu akajibu, mtoto akaja kwa upasuaji. Mama mzazi wa mkwe wetu alishafariki, kwa hiyo nyumba ile haikuwa na mama mtu mzima wa kumpikia mzazi uji, kumwoshea mtoto na kumbeba usiku anapolia. Wa kwenda nilikuwa mimi.

Tatizo ni kwamba nyumba ni ya mkwe. Mimi nimelelewa kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Anakuja mchana, anajitanda kanga, hasemi naye ana kwa ana wala hamtaji jina, na jua likishuka anaondoka. Hata humu sitamtaja jina, nitamwita mkwe tu. Wazee wetu walisema ukivunja mwiko huo anayeumia ni mtoto, na mtoto huyu tumemsubiri mno, sikuwa tayari kujaribu kama wazee walisema kweli. Ningelala kwa jirani, lakini nyumba yao iko peke yake mteremkoni katikati ya migomba, na jirani wa kwanza yuko ng'ambo ya bonde. Jovita alinipigia simu akasema, "Mama, ukilala ng'ambo, usiku nitamwita nani?"

Swali hilo lilinitoa usingizi, ndipo nikalikumbuka lile tela. Nyie mnalijua: nyumba ndogo ya bati jeupe yenye magurudumu, iliyoachwa na wahandisi wa barabara, ndani ina kitanda, jiko, sinki na choo. Baba Jovita alilipata alipostaafu udereva, na kwa muda wote huo lilikuwa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye sinki. Nikasema nitakwenda na paa langu mwenyewe.

Sola ndiyo kazi yangu, kwa hiyo umeme na maji nikajipa mimi. Nilitoa betri zilizokufa nikaweka mpya, nikafunga paneli mbili juu, nikabadilisha kontrola inayolinda betri, pampu ya maji, mabomba yote na mpira wa gesi, kisha nikaziba paa kwa silikoni kila palipovuja. Nikaweka na friji ndogo, nikaijaza sato wa ziwani na maziwa, kwa ajili ya mzazi. Baba Jovita akachukua matairi, breki, beringi na grisi. Tukakubaliana kwamba mtu asiguse kazi ya mwenzake.

Siku chache kabla ya kuondoka, Jovita alipiga simu kwamba mkwe anaulizia urefu, upana na kimo cha tela. Nikadhani anataka kujua kama litapita kati ya migomba. Nikapima vizuri, pamoja na paneli za juu, nikampa Baba Jovita vipimo avitume. Nilimsifu mkwe kwa kufikiria mbele.

Biharamulo hadi Lusahunga

Makubaliano yetu yalivunjika kabla hata hatujatoka nje ya mji. Asubuhi ile Baba Jovita aliliosha tela, akaona plagi inayopeleka umeme wa taa za nyuma ina kutu, akaikwangua kwa kisu. Waya mbili zikakatika. Badala ya kuniita, akaziunga anavyojua yeye, akanyamaza.

Mimi niliona tu kwamba malori yaliyokuwa nyuma yetu yanapiga honi kwa hasira isiyo ya kawaida. Baba Jovita naye kila honi anaijibu kwa kupunga mkono, akidhani watu wanalisifia tela. Tulipofika Lusahunga, lori moja la mizigo ya Rwanda likasimama mbele yetu, dereva akashuka. Ni mtu mnene, mpole. Akatuamkia vizuri, "Shikamooni wazee," kisha akasema, "Mama, mnakwenda wapi hasa? Taa inasema kulia, mkono wa mzee unasema kushoto, na gari linakwenda katikati."

Nilimtazama mume wangu. Yeye akatazama malori. Nikatoa koleo na tepu nikalala chini ya tela na gauni langu la safari, nikazifungua waya alizozifunga kama anafunga mzigo wa kuni, nikaziunga upya. Dereva yule aliganda nasi mpaka mwisho, anasimama nyuma na kuniambia taa gani imewaka, na alipoitwa na utingo wake alisema mgonjwa haachwi kwenye meza ya upasuaji. Tulikunywa naye chai ya maziwa na chapati kwenye mgahawa wa barabarani. Baba Jovita alikula chapati zake, akaongeza na ya kwangu.

Nyakahura

Nyakahura tulisimama kidogo tu, kukaza nati za magurudumu kabla ya kuacha lami. Nikafungua mlango wa tela kutazama friji, nikashusha kile kingazi cha kuingilia, nikavaa miwani yangu ya kusomea ili nisome kontrola. Nilipogeuka kulikuwa na foleni.

Sikujua imetoka wapi. Kulikuwa na akina mama, wazee wawili wenye mikongojo, na mtu wa bodaboda aliyekuwa ameshamshusha abiria wake na sasa amejipanga naye. Kumbe zamani kidogo liliwahi kupita gari jeupe la kupima macho, na mwanamke aliyeshuka ngazini na miwani usoni hakuhitaji kujieleza. Nikawaambia sisi si waganga, ni wazazi tu tunakwenda kumtazama mjukuu. Wakanijibu kwa upole kwamba wanaelewa, watasubiri.

Wa mbele alikuwa bibi mmoja amebeba ungo wa maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akapanda ngazi akakaa kitandani kwangu. "Nimefika mapema, mwanangu," akasema. "Nianze mimi." Kumwondoa ilikuwa aibu, kumpima nisingeweza. Nikaona heri nimvishe miwani yangu, aone kwamba sina kingine, aniachie. Bibi akatazama mikono yake, akanitazama mimi, kisha akainamia ungo. Akachukua harage moja, akalifikicha, akasema taratibu kwamba kumbe kwa miaka yote hii amekuwa akiwalisha watu wadudu, na hakuna aliyemwambia.

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Miwani sikuidai, ningemvuaje? Waliobaki niliwaelekeza waulize hospitalini lini madaktari wa macho watakuja tena, na walikubali kuondoka walipoona dawa yenyewe imekwisha. Mama Grasi, zahanati yetu ilikuwa hiyo. Hasara yake ni kwamba kuanzia hapo kontrola ilikuwa ikisomwa na Baba Jovita, mtu ambaye nukta iliyo katikati ya tarakimu haioni kuwa na umuhimu.

Nyakahura hadi Rulenge

Baada ya lami ni vumbi, na baada ya mvua vumbi ni tope, na sisi tulivipata vyote viwili. Tela liliruka nyuma yetu kama ndama aliyefungwa kamba. Njiani nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikamwambia Baba Jovita asimame. Gurudumu la kushoto lilikuwa la moto, mkono haukai. Alikuwa ameweka grisi nyingi ajabu gurudumu la kulia, na kabla hajaligusa la kushoto akaitwa kula. Niliimba tu ule wimbo wetu wa Kwaresima, ubeti wa toba.

Wakati gurudumu linapoa nikaingia ndani, nikakanyaga maji. Bomba lilikuwa limechomoka kwenye pampu kwa mtikisiko, na pampu haina macho, ilikuwa imelimwaga tanki lote chini ya kitanda. Godoro lilikuwa limelowa katikati kabisa. Sasa toba ikawa yangu, maana kile kibanio cha bomba nilikikaza kwa mkono nikisema nitarudi na bisibisi, na sikurudi. Baba Jovita naye akaanza kuimba.

Tulianika godoro kwenye vichaka vya kando ya barabara. Watu wa Rulenge ni wastaarabu. Kila aliyepita alitazama lile doa, akamtazama Baba Jovita na mvi zake, akatoa pole kwa sauti ya chini na kupita. Mmoja aliyekuwa na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli alisimama, akatuachia kichane cha ndizi mbivu, akamwambia mume wangu kwamba baba yake pia alianza hivyo na akaishi muda mrefu. Baba Jovita alitaka kueleza habari za pampu. Nilimkataza, ndizi zilikuwa tamu.

Nyakisasa

Tulifika Nyakisasa jioni, kwa Mzee Protasi, katekista aliyesoma na Baba Jovita. Tulikuwa tumepanga kuegesha uani kwake na kulala kwenye tela letu, godoro lilikuwa limekauka upande mmoja. Mkewe alitupikia ugali wa muhogo na isombe, kile kisamvu kilichotwangwa wanachokipika huku na mawese, nikala mpaka nikaona haya.

Tulipoaga kwenda kulala, mzee akasimama mlangoni. Alisema hajawahi kulaza mgeni nje, na hataanza na rafiki yake wa shule, majirani watasema alitulaza uani pamoja na mbuzi. Nikamweleza kwamba ndani ya tela kuna kitanda, taa, na hata maji. Akasema basi ni pazuri, na pazuri asipalale mgeni peke yake bila mwenyeji kupajaribu. Ilikuwa hoja ngumu kuijibu. Mwisho wake sisi tulilala kwenye kitanda cha Mzee Protasi, na yeye na mkewe wakalala kwenye tela.

Asubuhi walitoka wanang'aa. Walikuwa wameoga, wamefua, na wamewasha kila taa iliyokuwepo. Tanki ambalo tulilijaza tena jana yake kwa ndoo lilikuwa kavu. Mzee Protasi alinipongeza akasema kitu kimoja tu hakipendi, choo kiko karibu mno na jiko, na mimi nikamwambia ujumbe nitaufikisha.

Murusagamba

Tuliingia Murusagamba mchana. Njia ya mwisho inapita kati ya migomba, na vigelegele tulivisikia kabla ya kuiona nyumba. Nikajitanda kanga mpaka usoni. Mkwe alisogea pembeni ya njia kama inavyopasa, akamwamkia baba mkwe wake. Mlangoni alisimama Jovita, amekonda, na kifurushi cheupe mikononi. Nilikuwa nimeshateremka mguu mmoja nilipoliona banda.

Lilikuwa la mabati mapya yanayowaka jua. Mkwe alikuwa amelijenga ubavuni mwa nyumba yake, mbao za paa amezipigilia kwenye ukuta wa nyumba, bati la mwisho limeingia chini ya bati la nyumba ili mvua isipenye. Kabla sijafungua mdomo, wanaume wa jirani walishalifungua tela kwenye gari na kulisukuma ndani. Likaingia sawasawa, kwa urefu, upana na kimo nilivyovipima mimi mwenyewe. Watu wakapiga makofi.

Baba Jovita akaninong'oneza, "Hili si ni paa lake?"

"Naliona."

"Sasa?"

Nikimkataa mkwe mbele ya watu, nimemvunjia heshima mtu aliyejenga kwa mikono yake ili mimi nisinyeshewe. Nikikubali, nimelala chini ya paa lake pamoja na mtoto ambaye wazee walisema ndiye atakayeumia. Nikajaribu ujanja: nikamtuma Baba Jovita akaseme kwamba sola inataka jua, bandani haitafanya kazi, tela likae nje. Mkwe akasema hilo si tatizo, paneli zitapandishwa juu ya nyumba, waya anayo. Chai yangu ilikuwa bado ya moto na yeye ameshaleta ngazi.

Niliingia ndani kumwona mtoto, maana mchana naruhusiwa. Jovita akaniwekea mikononi. Ni wa kike, ana paji la uso la mama yangu. Jovita akasema, "Nimefurahi, mama. Utakuwa hapo ubavuni tu, nikikuita unasikia." Nilitamani kulia, na nikalia, yeye akadhani ni furaha.

Nikatoka nikamtafuta shangazi wa mkwe, mama wa makamo yangu aliyekuwa akimenya ndizi za kupika nyuma ya jiko. Nikamweleza yote bila kuficha. Alinisikiliza huku kisu kinaendelea, kisha akacheka, lakini hakunicheka mimi. Akasema mkwe alikuja kuwauliza wao wakubwa kabla ya kuchimba hata shimo moja, na wao ndio waliompa ruhusa.

"Kwetu nyumba ni mlango," akasema. "Wewe ukiingia mlango wako, naye akaingia wake, mmelala nyumba mbili."

"Kwetu nyumba ni paa," nikamwambia.

Akatafakari. "Basi yeye hajakosa, na wewe hujakosa. Yamekosa mabati."

Akaosha mikono akaenda kumwita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko, nikamwona mkwe anavyoambiwa. Alilitazama lile paa lake, akazunguka akalitazama na upande wa pili, na moyo wangu ukawa mzito kwa sababu nilijua amelimaliza jana yake tu. Kisha akaenda ndani akarudi na nyundo ya kung'olea misumari.

Aliondoa safu yote ya mabati iliyokuwa inagusa nyumba, tukaona mbingu katikati. Lakini mbao bado zilikuwa zimeegemea ukuta, na ukizikata, banda linaanguka juu ya tela. Ilibidi zisimamishwe nguzo mpya upande ule. Hapo nikasahau umama mkwe, nikawa fundi. Nikawa namwambia Baba Jovita, "Mwambie achimbe zaidi," naye anamwambia mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu, aliyekwisha kusikia na kuanza kuchimba. Wenyeji wakaleta pombe ya ndizi chini ya migomba. Baba Jovita akasema sauti imemkauka, akaenda.

Nikabaki mimi, mkwe na nguzo. Nguzo ilikuwa imepinda. Nikaigeukia nikaiambia, "We nguzo, hebu rudi kushoto kidogo." Nguzo ikarudi kushoto. "Simama hapo hapo, ushindiliwe." Ikashindiliwa. Shangazi alikuwa amekaa chini kwa kicheko, mimi na mkwe hatukucheka, ingawa kanga yangu ilikuwa inatikisika. Tulifanya kazi hivyo mpaka banda likasimama kwa miguu yake, na kati yake na nyumba pakawa na mwanya ambao mtu anapita akinyoosha mikono. Paneli nikaziambia zikae juu ya banda, zikielekea jua vizuri kuliko zilivyokuwa kwenye tela. Jioni ile tulipika sato. Baba Jovita alisoma kontrola akasema betri zimejaa, na kwa mara ya kwanza nukta aliitaja.

Siku za Murusagamba

Nilikaa mpaka kidonda cha Jovita kilipopona kabisa. Kazi zangu mnazijua: uji wa ulezi, supu, maji ya moto, nguo za mtoto. Nilivuta waya kutoka kwenye tela nikawapa taa chumbani na jikoni, shangazi akauliza kama waya nao hauna mwiko, nikamjibu kwamba umeme hauna wakwe. Mvua ya huko hainyeshi kwa adabu. Jovita alipoita "Mama," nilivuka ule mwanya mara nyingine na mvua ikinipiga bega, nikifika namkuta ameshaandaa kitambaa cha kunifutia, mtoto akilia kwa nguvu zake zote. Sijawahi kulowa kwa furaha namna ile.

Siku ya kuondoka tulilitoa tela, banda likabaki tupu. Nikafikiri sasa atayarudisha mabati yake, ana haki, maharage yanahitaji mahali pakavu pa kuanikwa. Jovita alinishika mkono hakutaka kuuachia. Mkwe alikuwa amesimama kwenye ile nguzo iliyokuwa imepinda, ameelekeza uso ukutani, kama inavyopasa.

"We nguzo," akasema, "mwambie mama pale katikati sitapaezeka."

Sikuwa na mtu wa kunisemea, Baba Jovita alikuwa garini. Nikaiondoa kanga usoni.

"Nimesikia, mwanangu," nikamwambia, yeye mwenyewe.